Orodha ya Mama Gundi

Chumba cha kujalidi vitabu kilikuwa nyuma ya maktaba ya chuo, ukishapita vyoo na kabla hujafika stoo. Aliyekitawala kwa miaka ishirini na sita alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na miwili, mwenye vidole vilivyogeuka rangi kwa gundi. Wenzake walimwita Mama Gundi. Kitabu kikivunjika mgongo, kilipelekwa kwake. Alikwangua gundi ya zamani kwa kisu butu, akazishona kurasa upya kwa uzi uliopakwa nta, akakibana kitabu kwenye mashine hadi kesho yake, ndipo akakivika jalada jipya.

Jambo ambalo wenzake hawakulijua ni kwamba vitabu vile alikuwa akivisoma. Alikuwa na elimu ya msingi tu, lakini nani atashona kurasa mia tatu bila jicho kuteleza? Na vitabu vilivyovunjika kuliko vyote vilikuwa vya saikolojia, maana wanafunzi waliving'ang'ania kama vya bure. Hivyo Mama Gundi alimjua Pavlov na mbwa wake, waliodondokwa mate kwa kusikia ishara ya chakula kabla chakula chenyewe hakijaonekana. Alimjua Piaget, aliyekaa na watoto akagundua kwamba hawakosei ovyo, bali wana namna yao ya kufikiri. Alimjua Bandura na lile sanamu la mpira lililopigwa na mtu mzima mbele ya watoto, na watoto nao wakaliangushia kipigo kilekile. Alisoma habari za Milgram, ambaye watu wake wa kawaida kabisa walibonyeza swichi wakiamini wanampiga mwenzao shoti ya umeme, eti kwa sababu bwana mmoja aliyevaa koti aliwaambia waendelee. Hapo Mama Gundi alicheka peke yake, akasema huyo bwana wa koti hata hapa chuoni yupo, tena ana ofisi mbili.

Kila asubuhi saa mbili na nusu, Profesa aliingia maktaba. Alikuwa amestaafu, ana miaka sabini na moja, lakini chuo kilimwachia meza ya dirishani amalizie kitabu chake kikubwa juu ya wanasaikolojia mashuhuri na mambo waliyoyagundua. Alikuwa hodari kwelikweli, na alihakikisha kila mtu analijua hilo. Alimsahihisha mkutubi, akamsahihisha dada wa kaunta, akamsahihisha hata mlinzi namna ya kufungua mlango. Siku moja alimkuta Mama Gundi ameinamia ukurasa, sindano mkononi, midomo ikicheza.

"Usisome, bibi," alimwambia. "Gundi itakauka."

Mama Gundi aliyameza maneno yale. Alikuwa amezoea kumeza.

Mwaka huu, mwezi wa pili, zililetwa kutoka stoo tasnifu za zamani zilizoliwa na unyevu. Ya tatu kutoka juu ilikuwa ya Profesa mwenyewe, aliyoiandika akiwa kijana wa miaka ishirini na saba. Mama Gundi aliifungua aanze kuichambua uzi, akakutana na jina la shule. Ilikuwa shule yake.

Akakumbuka yote. Wakiwa darasa la pili, yeye na dada yake pacha, alikuja kijana mmoja mtanashati na karatasi za maswali ya picha. Wiki mbili baadaye mwalimu akapewa orodha ya watoto watakaochanua. Pacha wake alikuwamo. Yeye, namba kumi na saba kwenye daftari la darasa, hakuwamo. Kuanzia hapo pacha alihamishiwa dawati la mbele, akakosea akasubiriwa, akanyoosha mkono akaonekana. Yeye alinyoosha mkono hadi ukamuuma. Nyumbani baba alisema waziwazi, "Mwalimu kasema mwenzio ndiye mwenye kichwa. Wewe una mikono, shukuru." Leo pacha wake ni daktari wa moyo, na kwenye kila sherehe ya ukoo huulizwa ilikuwaje tumbo moja likatoa watu wawili tofauti hivyo. Watu hucheka. Na yeye hucheka, kisha anaenda kuosha vyombo.

Sasa ukurasa wa sitini na nne ulimweleza ilikuwaje. Profesa alitaka kurudia jaribio la Rosenthal na Jacobson, wale waliowaambia walimu wa shule moja kwamba watoto fulani, kwa mujibu wa mtihani, wangepanda ghafla kimasomo mwaka ule. Mtihani haukuwa umesema kitu kama hicho, majina yaliokotwa tu. Lakini baadhi ya watoto wale, hasa wale wadogo, walipanda kweli, maana mwalimu akimtarajia mtoto mema humwangalia kwa jicho jingine. Na Profesa aliandika kwa mwandiko wa taipu uliosimama wima: *Majina ya watoto yaliokotwa kwa kura kutoka kwenye kopo la maziwa. Walimu waliombwa wasiwaambie watoto. Jozi moja ya mapacha imegawanyika, namba kumi na sita na kumi na saba, mmoja kila kundi: bahati nzuri kwa utafiti.*

Mama Gundi aliyasoma maneno manne yale ya mwisho mara nyingi sana. Bahati nzuri kwa utafiti. Kisha akaiweka tasnifu chini ya meza, akanawa mikono, akaenda kumtafuta mkutubi. Alitaka yule mzee aonje alichomlisha, kijiko kwa kijiko, na alitaka siku moja dunia ijue kwamba namba kumi na saba alikuwa na kichwa.

"Naomba lisifike mbali," Mama Gundi alimwambia mkutubi. "Profesa ameanza kusahau. Kaniuliza kitabu kimoja mara mbili jana. Tumsaidie kimyakimya tu. Tusimbishie. Na asijue kwamba tunajua."

Ulikuwa uongo mtupu. Maneno hayohayo aliyarudia kwa dada wa kaunta na kwa mlinzi, akanyamaza. Hakumtilia mzee kitu kwenye chai, hakumficha kalamu. Orodha yake ilikuwa na jina moja, akarudi kwenye gundi yake kusubiri.

Hakusubiri sana. Kwa miaka mingi Profesa alikuwa akitafuta miwani iliyo kwenye paji la uso wake, na watu wakicheka naye. Sasa hakuna aliyecheka, walitazamana. Mkutubi akaanza kuongea naye polepole, kwa sauti ya juu, kama anayeelekeza mgeni asiyejua lugha. Dada wa kaunta akawa anammalizia sentensi. Mlinzi akamsindikiza chooni na kumsubiri nje, akigonga mlango kila baada ya dakika mbili: "Mzee, uko salama?" Alipofoka kwamba yeye si mtoto, waliambiana kwamba hasira nayo ni dalili. Alipoanza kuandika mambo kwenye vikaratasi ili asikosee, vikaratasi vikawa dalili kubwa zaidi. Mama Gundi aliviona vile vikaratasi vikiongezeka juu ya meza ya dirishani, na kila kimoja kilimpa utamu moyoni ambao hakuuonea haya.

Mwezi wa nne, Profesa alipapasa funguo mfukoni mara tatu kabla ya kukaa. Mwezi wa tano alikwama katikati ya jina la Vygotsky, jina alilolifundisha maisha yake yote, na dada wa kaunta akampigapiga mgongoni akamwambia asijali. Kitabu chake kilisimama sura ya tisa. Mwezi wa sita mkutubi alimpigia simu binti wa Profesa, na wakakubaliana kwamba Ijumaa ingekuwa siku yake ya mwisho maktabani.

Ijumaa hiyo, saa nne asubuhi, Profesa aliingia chumba cha kujalidi akiwa amekumbatia bunda la karatasi.

"Naomba unijalidie hizi," alisema. "Hazijaisha. Sidhani kama zitaisha."

"Weka hapo, Profesa."

Pale alipoelekezwa palikuwa na tasnifu, imefunguliwa ukurasa wa sitini na nne. Aliinama akasoma. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, kisha akainua uso akamtazama mwanamke yule kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na sita ya kuonana kila siku.

"Wewe ni yupi?"

"Kumi na saba. Yule ambaye hakuchanua."

Profesa akavuta kiti akakaa. Unaweza kumsema yule mzee utakavyo, lakini kazi yake aliijua. Mama Gundi aliona macho yake yakirudi nyuma mwezi baada ya mwezi, yakiokota kimoja kimoja: mlango wa choo, sauti za polepole, mkono mgongoni.

"Uliwaambia nini?"

"Kwamba umeanza kusahau. Na kwamba usijue."

"Uliokota kura?"

"Kura uliokota wewe. Mimi nilikuchagua."

Alitegemea mzee atukane au alie. Alikuwa amejiandaa kwa yote mawili, na yote mawili angeyafurahia. Lakini mzee aliinama mbele kama mwanafunzi.

"Na wa kulinganishia? Bila mtu wa kulinganishia huna kitu."

"Yule mwalimu mstaafu wa hesabu, meza ya pili. Umri wenu mmoja, mnaingia saa ileile, mnatoka saa ileile. Yeye sikumsema kwa mtu. Wiki iliyopita kasahau koti, mwavuli na viatu vya mvua. Hakuna aliyetazamana na mwenzake."

Profesa akasimama, akamshika mkono, akamvuta hadi ukumbini, mbele ya kaunta. Huko mkutubi, dada wa kaunta na mlinzi walikuwa wamemwekea keki ndogo ya kumuaga.

"Nisikilizeni," alisema, na sauti ilikuwa ileile ya zamani, sauti ya ukumbi wa watu mia tatu. "Sina ugonjwa wowote. Mama huyu amefanya jaribio juu yangu, na nyinyi ndio mliokuwa walimu. Amelifanya vizuri kuliko nilivyolifanya mimi. Nimefundisha miaka thelathini na tano, sijapata mtu mwenye akili kama yeye. Andikeni jina lake mahali."

Miaka arobaini na minne Mama Gundi alikuwa ameyasubiri maneno hayo, na sasa yalikuwa yamesemwa mchana kweupe, mbele ya watu, na mtu aliyemnyima.

"Ndiyo, Profesa," alisema mkutubi polepole, kwa sauti ya juu. "Tutaandika."

Mlinzi akauchukua mkoba wa mzee. Dada wa kaunta alikuwa anafuta machozi.

"Anasema kweli," Mama Gundi akasema. Hawakumsikia, akarudia. "Jamani, anasema kweli. Ni mimi."

Mkutubi akamzungushia mkono begani, akamsogeza kando huku mzee akipelekwa mlangoni, bado anaongea, akitaja kopo la maziwa.

"Una roho nzuri sana," alimnong'oneza. "Hata leo humbishii. Haya, nenda kanawe, gundi imekufika mpaka shavuni."