Bukari ya Mama Suzana

Siku Mama Suzana alipokula bukari, ugali wetu wa huku, mbele ya watu waliofunga, mwanangu, naikumbuka kuliko harusi yangu. Na harusini kwangu alichinjwa ng'ombe wa Rurambo, si mchezo! Nakusimulia kwa sababu daktari amekukuta na ugonjwa wangu huu huu.

Nilikuwa msichana wa hapa Rugenge. Tezi zangu za juu ya figo hazikutengeneza vya kutosha ile homoni inayomsimamisha mtu anapopigwa na homa, njaa au uchovu. Daktari alinipa vidonge vya kuziba pengo, nimeze kila siku pamoja na chakula, akaniambia wazi kwamba nikiviacha naweza kufa. Kisha kundi letu la maombi likatangaza mfungo. Wenzangu wafunge, mimi nitafune? Nikaona haya, nikaviacha vidonge nyumbani.

Siku ya pili, katikati ya wimbo, macho yakaingia giza, nikaanguka. Wenzangu wakaanza kukemea pepo. Mama Suzana, mkulima wa Katogota aliyetuongoza na aliyejua habari ya vidonge vyangu, mkali ambaye hakuwahi kukatisha mfungo, akawanyamazisha.

“Weye, dawa umemeza?”

“Hapana, mama. Minye niko nafunga.”

“Ee Mungu wangu! Nani alikutuma kufunga na dawa? Mungu anataka roho yako, hapana maiti!”

Vidonge vikaletwa mbio, na bukari na ndagala, wale dagaa wa ziwani. Nikakataa kula, machozi yananitoka, maana watu wote walinitazama. Basi akaketi chini kando yangu, akamega tonge, akala yeye kwanza.

“Sasa tuko wawili,” akasema. “Kula, mutoto wangu.”

Nikala, nikameza, akanipeleka hospitali nikadungwa sindano. Ndiyo maana niko hai kukupigia kelele.

Juzi mjukuu wangu anayesomea udaktari alinifafanulia. Homoni ile hutokana na kolesteroli, aina ya mafuta, inayogeuzwa hatua kwa hatua, na kila hatua ina kimeng'enya chake. Vyangu ni vizima! Ila vingine havifanyi kazi bila kuletewa elektroni, na protini ya kuvipelekea ndiyo iliyo legevu. Nikacheka sana. Ni kama tulipojenga kanisa: fundi yuko juu ya ukuta, matofali yako chini, lakini anayepokeza hapo katikati kachoka. Ukuta utapanda? Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwanangu, mficha maradhi, kifo humuumbua. Meza dawa yako mchana kweupe, bila haya. Na ukimwona mwenzako anaona haya kula, usimhubirie, kaa ule naye. Mama yule nilimshukuru hadi alipozikwa, na bado namshukuru kila asubuhi kidonge kikiwa ulimini.

Mungu akupe mikono ya kukupokeza, nawe akufanye mkono wa wengine. Nimesikia kundi lenu linaanza mfungo Jumatatu. Nitakuja na sufuria yangu, tutakula wawili.