Chungu cha Mshahara

Babu yangu mzaa mama, Nsajigwa, alipika nta kwa miaka tisa, na kama kulikuwa na kazi ya kuchosha kuliko hiyo katika tambarare yote ya Kyela wakati wa Wajerumani, mimi sijasimuliwa. Habari hizi nilipewa na mama, naye alizipata kwa bibi, Rut. Babu mwenyewe hakuwa msemaji. Ukimuuliza juu ya kiwanda cha nta alisugua macho tu, maana moshi ule ulimwachia macho mekundu mpaka tulipomzika.

Kiwanda kilikuwa kando ya ziwa, mali ya Mjerumani mmoja ambaye watu walimwita Bwana Nta. Wapagazi walishusha masega kutoka milimani yakiwa na nyuki wafu, majani na mchanga ndani yake. Babu aliyachemsha kwenye pipa la maji, akayakamua kwa gunia, kisha akamimina nta ya moto kwenye debe itulie, taka zizame chini na safi ichotwe juu. Moto ukizidi kidogo nta inaungua na kuwa nyeusi, na Bwana anakata mshahara. Babu hakuwa na saa wala kipimo. Alinusa tu, akajua.

Hakwenda pale kwa kupenda. Shamba lake la migomba kule Ipinda lilisombwa na mafuriko, na Mnyakyusa asiye na migomba ni lazima anunue hata kile ambacho baba yake alikuwa akimpa mgeni bure. Mshahara ulikuwa rupia tano kwa mwezi. Watu wa vijijini walimwonea wivu, eti Nsajigwa anashika fedha. Kushika alishika, lakini hazikukaa. Kabla ya mavuno, askari na wapagazi walikuwa wamenunua kila kilicholiwa, na pishi moja ya mchele ilifika heller arobaini. Pishi moja ni ya siku mbili, na heller mia ndiyo rupia. Piga hesabu mwenyewe, mimi inanikasirisha.

Bibi Rut alikuwa Mkisi, mfinyanzi kama mama yake. Wakisi wana desturi yao ambayo hakuna serikali iliyowahi kuivunja: bei ya chungu ni kile kinachokijaza. Ukitaka chungu, unakijaza maharage au mahindi au mchele mpaka mdomoni, unammwagia mwenye chungu kwenye kikapu chake, unaondoka na chungu. Hakuna kubishana. Chungu chenyewe kinasema bei yake.

Basi mwezi mmoja wa njaa, babu alikwenda kumwomba Bwana amwongezee mshahara. Bwana akakataa bila hata kuinua kichwa. Ndipo babu, kwa uchovu wake, akafikiri ameona ujanja.

"Basi, Bwana, nilipe kama Wakisi wanavyolipwa. Kila Jumamosi nijazie chungu changu mchele. Rupia baki nazo."

Bwana akainua kichwa. Akatabasamu, akamwambia karani wake aandike. Karani aliitwa Ezra, mtu wa Ipinda pia, aliyesoma misheni. Aliandika, halafu akamfuata babu nje.

"Ndugu yangu, mavuno yako karibu. Mchele utashuka bei."

"Wewe unakula kila siku, Ezra. Mimi nimechoka."

Mwenye njaa hana miiko. Bibi aliposikia alicheka mpaka akashika kiuno, akafinyanga chungu kipana cha kumeza pishi sita, chekundu, chenye michirizi myeupe shingoni. Jumamosi ya kwanza Bwana alikizunguka chungu kile mara mbili, lakini alikijaza. Kwa majuma saba walishiba, wakagawia na majirani.

Na shibe hiyo ilikuja wakati wake, kwa sababu bibi alikuwa na mimba ya tatu. Watoto wa mimba mbili za kwanza walizikwa. Mara zote mbili babu hakuwepo, alikuwa amekamatwa kwa kukosa rupia tatu za kodi ya nyumba, anapasua mawe kwenye barabara ya Tukuyu, na bibi alijifungua peke yake, huku ndugu zake wakiwa ng'ambo ya ghuba ya ziwa. Safari hii babu alikuwa ameapa.

"Hata wanifunge kamba," alimwambia, "nitakuwepo."

Sasa sikiliza kosa lake jingine, la uaminifu. Jumamosi moja debe la kutulizia nta lilitoboka, nta ya moto ikaanza kumwagika mchangani. Mtu mwingine angeiacha imwagike. Babu alinyakua chungu chake cha mshahara, akaimiminia humo. Udongo haupoi haraka kama bati, kwa hiyo nta ilitulia taratibu, na taka zote zikazama. Ilipochotwa ilikuwa ya njano kama kiini cha yai, haijapata kuonekana pale. Bwana alikuja akaitazama nta, kisha akakitazama chungu. Babu alikichemshia chungu maji, akakisugua kwa majivu, akapimiwa mchele wake akaenda nyumbani.

Mavuno yakaingia. Ezra alisema kweli, pishi ilishuka mpaka heller nane, na hata kwa nane hapakuwa na mnunuzi, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa na mchele wake. Ijumaa moja askari wa kodi wakapita. Amri yao: Jumatatu kila nyumba ilipe rupia tatu, asiyekuwa nazo akavunje mawe barabarani. Na bibi alikuwa anahesabu siku tu.

Nyumbani kwa babu mchele ulikuwa umefika kwenye dari, rupia hata moja haikuwepo. Alizunguka na mzigo wa mchele kichwani siku nzima, akarudi nao. Jumamosi alikwenda kwa Bwana amlipe fedha badala ya mchele.

"Wewe ndiye uliyetaka chungu," Bwana akasema. "Imeandikwa. Lakini chungu chenyewe nitakinunua. Rupia tatu."

Babu alikaribia kupiga magoti. Mchele wa kukijaza haukufika hata nusu rupia, na huyu anatoa tatu!

"Ndaga fijo, Bwana," alishukuru kwa Kinyakyusa, akakimbia kumweleza mkewe.

Bibi hakufurahi. Aliweka mkono juu ya tumbo.

"Atakijaza nini?"

"Hakijazi kitu. Anatoa fedha."

"Kwetu chungu hakitoki hivyo. Ukitoa chungu bila kujua kitabeba nini, umeuza usichokijua."

"Rut, nimechoka. Unataka nikavunje mawe, wewe ujifungue peke yako tena?"

Bibi alilia, akamwambia akichukue. Jumatatu askari walipewa rupia tatu. Jumatano mama yangu alizaliwa, na babu alikuwepo, ndiye aliyechemsha maji. Mama alilia mara moja tu akanyamaza, na babu akamshika, asiamini kwamba huyu anapumua. Mama aliniambia hiyo ndiyo siku pekee watu walimwona babu akilia, na mimi nafurahi kwamba aliipata.

Jumamosi alikwenda kuchukua mshahara. Ezra akamwambia alete chungu. Kilichobaki nyumbani ni cha kupikia, cha pishi mbili. Bwana alikijaza vizuri kabisa, hata akakitikisa mchele ushuke, kisha akamwamuru Ezra aandike katika daftari: chungu cha Nsajigwa, pishi mbili. Baadaye bibi alipata nguvu akafinyanga kikubwa kingine, babu akaenda nacho, akaambiwa kilichoandikwa kimeandikwa.

Chungu kile chekundu sasa kilikaa karibu na pipa, mahali pa debe. Babu mwenyewe ndiye aliyekijaza nta, kila siku, kwa mikono yake. Siku moja alimwuliza Ezra nta ya chungu kimoja inauzwaje. Ezra alifungua daftari.

"Thelathini na nane."

"Heller?"

"Rupia, ndugu yangu."

Babu alirudi nyumbani akakaa mlangoni bila kuvua hata kitambaa cha jasho shingoni. Bibi alikuwa ananyonyesha. Babu alimweleza yote, taratibu, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akamhamishia mtoto titi la pili.

"Bei ya chungu ni kinachokijaza," alisema. "Ametoa tatu. Nenda kamwambie bado thelathini na tano."

"Kwa siku ya kwanza tu," babu akasema.

"Ndiyo. Kwa siku ya kwanza tu."

Hakwenda kumwambia. Alimpokea mtoto, akamweka begani mpaka akacheua, akamlaza. Kulipokucha aliwahi kiwandani, akawasha moto, akakisugua chungu kwa majivu kama kawaida yake, akakijaza.