Trekta linazama, mzee anauliza habari za bibi

Leo Kilangali nimeona trekta likizama huku watu wanasalimiana.

Bonde hili la mpunga lina udongo mweusi wa mfinyanzi. Juu umekauka, ukikanyaga unadhani lami. Chini ni uji.

Dereva wetu Juma akaingia kwa mbwembwe. Magurudumu yakadidimia. Kila akikanyaga mafuta, linashuka zaidi.

Sisi vibarua roho juu. Lisipotoka, bosi hakodi jingine, na shamba zima tunalima kwa jembe. Mimi nimetoka Kasulu na mgongo mmoja tu.

Akapita mzee Masanja, mfugaji, na maksai wake wanne.

"Mzee, tuvute fasta!" Juma akapiga kelele.

Mzee anatazama mawingu.

Nikamnong'oneza Juma: "Msalimie, wewe!"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kwenu wazima? Baba? Mama? Mifugo?"

"Sina mifugo, mzee, trekta linazama!"

"Naliona. Bibi yako je?"

Bibi alishafariki. Mzee akavua kofia, akatoa pole, akauliza aliugua nini.

Ndipo akafunga mnyororo. Maksai wakavuta, trekta likatoka.

Sasa linalima kule juu kwenye kichanga, majembe yamepumzika.

Juma kaniamkia hata mimi, na tunalingana umri. Nimeitikia marahaba.

Nimekosea?