Mwezi wa Tatu kwenye Veranda ya Ba

Juzi mfanyakazi mwenzangu hapa Migori aliniwekea mezani pakiti ya majani ya chai yenye picha ya mwanamke mwembamba anayecheka. "Ni ya kusafisha mwili," akaniambia. "Siku saba tu, unajisikia mtu mpya." Niliifungua nikanusa. Tangawizi, na nyuma yake kitu kichungu. Nilimshukuru, lakini kazi ya siku hiyo haikuendelea tena, rafiki yangu, maana akili ilikuwa imeshafika Homa Bay, kwenye veranda ya duka la vitambaa, nikiwa darasa la nne.

Mama alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa kwenye veranda hiyo, na mimi nikitoka shule nilikaa chini ya meza nikiokota vipande vya vitambaa na kusikiliza miguu yake ikikanyaga. Mwenye duka alikuwa mjane wa Kihindi, mfupi, mwenye nywele nyeupe, ambaye mtaa mzima ulimwita Ba kwa sababu wajukuu zake walimwita hivyo, yaani bibi kwa lugha yao.

Kiangazi kikielekea kuisha, mvua ndefu zikiwa bado mawinguni upande wa ziwa, Ba alibadilika. Wiki nzima hakula chapati wala kitu cha kukaanga. Alipika sufuria moja tu, mchele na ndengu pamoja mpaka zikalainika kama uji, akatia manjano na kijiko cha samli. Asubuhi alikwangua ulimi kwa kipande cha shaba kilichopindwa, akanywa maji moto ya tangawizi na bizari nyembamba, kisha akapasha mafuta ya simsim na kujipaka kuanzia utosini mpaka kwenye nyayo kabla ya kuoga. Harufu ya yale mafuta ilitoka mpaka barabarani. Watu waliopita walijua bila kuangalia kalenda kwamba mwezi wa tatu umefika.

"Joto nakwenda, maji nakuja," alinieleza siku moja, kwa Kiswahili chake cha dukani. "Tumbo iko katikati, nachanganyikiwa. Mwaka mzima yeye nafanya kazi. Sasa wewe pumzisha yeye kidogo."

Alisema kwao India mama yake alifanya hivyo, na mama wa mama yake, na kwamba mwili una misimu kama shamba. Wiki ilifungwa Jumamosi kwa kijiko cha mafuta ya mbarika, yale ya kuendesha tumbo, ndani ya maziwa moto. Watoto wa nyumba yake walipewa kijiko kidogo, nami nikapewa, kwa kuwa nilihesabiwa mtoto wa veranda. Ladha yake ilikuwa kama kulamba mshumaa. Lakini ukimeza bila kulia, Ba alikukatia donge la sukari nguru iliyotoka Awendo, nyeusi, yenye moshi ndani yake. Kwa donge lile ningemeza hata mafuta ya taa.

Sasa, nyanya yangu naye alikuwa na mwezi wake wa tatu. Aliishi upande wa Mbita, na kila mwaka kabla ya kupanda alikuja kwetu kwa wiki mbili, amebeba kifurushi cha majani na magome kilichofungwa kwa kamba ya katani. Yeye alisema mvua ya kwanza huosha uchafu wote wa vilima na kuutupa ziwani, na sisi tunakunywa ziwa, kwa hiyo tumbo lazima lifagiliwe mapema. Alituchemshia osuga, ile mboga chungu, siku tatu mfululizo bila maziwa. Mwisho wake kilikuja kikombe cha ogaka, yaani shubiri mwitu, majimaji ya kijani yanayokamata ulimi na kukataa kuuachia. Nyanya hakuwa na sukari nguru. Zawadi yake ilikuwa kukuangalia ukinywa mpaka tone la mwisho, halafu kukuambia, "Nyakwara, wewe ni mtu." Nyakwara ni mjukuu wangu. Na mimi nilitaka sana kuwa mtu.

Wanawake hawa wawili walisalimiana kwa heshima na kwa mbali. Nyanya alimuuliza mama kwa Dholuo ni nani mwenye akili anayekunywa mafuta. Ba naye alichungulia sufuria ya nyanya siku moja akanong'ona, "Hiyo ya ng'ombe, siyo ya watu."

Mwaka ninaokuambia, siku zao ziligongana. Jumamosi alfajiri nyanya alinipa kikombe changu cha ogaka, nikanywa, nikawa mtu. Saa tatu nilikuwa kwenye veranda na mama, na Ba akaniita jikoni, maziwa yakifuka kwenye kikombe cha bati.

"Wewe nakunywa kitu leo?" akaniuliza.

Ningeweza kusema kweli. Sukari nguru ilikuwa juu ya meza, imeshakatwa. Nikasema sijanywa kitu.

Sitakusimulia yote. Choo kilikuwa nyuma ya duka, na kufikia saa sita nilikuwa nimeacha kurudi kwenye veranda katikati ya safari. Nakumbuka ukuta wa mabati ulivyokuwa moto mgongoni. Nakumbuka miguu ikiwa si yangu. Mama alinikuta nimeketi chini, midomo imekauka na kupasuka, macho yameingia ndani, akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia tena kutoka kwake. Ba alitoka mbio, akaniangalia mara moja, akaanza kushusha milango ya duka. Mchana, siku ya soko, wateja wakiwa ndani. Mtoto wake wa kiume akaleta pikapu, na tukampitia nyanya njiani.

Hospitalini nilitundikiwa maji. Nililala nimefumba macho, lakini nilisikia. Muuguzi aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka na watu wazima, "Huyu mtoto amekunywa nini?"

"Ni mimi," nyanya akasema. "Mimi nilimpa dawa."

"Hapana, mimi," Ba akasema. "Mimi napatia yeye mafuta."

Kisha sauti ya mama, ndogo kabisa: "Nyinyi wawili mtaniulia mtoto."

Nilifungua jicho moja nikaona Ba na nyanya wamekaa kwenye benchi moja, mmoja ameshika ncha ya sari, mwingine ncha ya leso, na wote wawili wanafuta uso. Nikafumba tena. Nilikuwa na miaka kumi, na nilijua kosa ni la nani.

Ilinichukua mpaka kesho yake jioni kusema kweli. Tulikuwa nyumbani, nimeegemea mito, Ba amekuja na birika la maji ya mchele yenye chumvi. Nikawaambia kwamba Ba aliniuliza, na mimi nikadanganya kwa ajili ya sukari nguru. Nilitegemea kofi. Nyanya alimgeukia mama, mama akamgeukia Ba, na Ba akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Toto," akasema, "ungeomba tu, mimi nakupa."

Nyanya alicheka kwanza. Alicheka mpaka akalia, na safari hii hakuficha machozi. Halafu akasema kwa Kiswahili, lugha aliyoitumia sokoni tu, ili Ba asikie vizuri: "Kuanzia leo, kabla nimpe mtoto kitu, nitakuuliza wewe. Na wewe utaniuliza mimi."

"Mtoto hapana dawa tena," Ba akajibu. "Mtoto nakula chakula tu."

Wakakubaliana. Mwaka uliofuata nyanya alipofika, kifurushi kilikwenda moja kwa moja kwenye jiko la Ba. Walipika mchele na ndengu sufuria moja na osuga sufuria nyingine, na mimi nikala zote mbili, na nilikatiwa donge langu bila kufanya lolote la kulistahili. Siku moja Ba alipasha mafuta ya simsim, akapiga magoti mbele ya nyanya na kuanza kumkanda magoti yaliyovimba kwa kulima. Nyanya alikaa wima kama mtu anayepigwa picha, kwa aibu. Alikuwa hajawahi kuguswa miguu na mwenye duka. Polepole mabega yake yakashuka, macho yakafumba, na mama akasimamisha cherehani ili kelele zisimuamshe.

Ilikuwa hivyo miaka minne. Kisha wakati wa likizo moja ya Desemba mtoto wa Ba aliuza duka, na familia ikahama, wengine wakasema Kisumu, wengine Uingereza. Ba alimwachia mama sufuria na kile kipande cha shaba. Nyanya hakuwa na simu, na hatukuwa na namna ya kumwambia. Mwezi wa tatu akaja na kifurushi chake kama kawaida, akakuta mlango wa duka una kufuli jipya. Aliligusa, akaketi kwenye ngazi, akanyoosha miguu, akakaa pale mpaka kivuli cha jengo kikavuka barabara. "Hakuniaga," akasema. Tukaenda nyumbani.

Leo pale panauzwa simu. Mvua nazo hazina adabu tena, zinakuja zinapotaka, na ziwani gugumaji limefunga mpaka gatini. Chakula chetu ni kilekile Januari mpaka Desemba, na sijui mtu hata mmoja anayeambia tumbo lake kwamba msimu umegeuka.

Nyanya alipofariki, mama aliniambia tutafute njia ya kumpasha habari Ba. Nilikaa na kalamu na karatasi nikiwa tayari kuandika barua, hata kuomba msaada wa Wahindi wa Kisumu wamuulizie. Kalamu ikasimama kwenye mstari wa kwanza. Nilimuuliza mama, mama akawauliza majirani wa zamani. Miaka yote ile tuliyokula kwake, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza jina.