Barua Yangu ya Kumpinga Kamau

Hili jambo nimelificha miaka mingi kwa aibu, na hata leo nikipita karibu na ukumbi wa mtaa wetu, kule nyuma ya Donholm, natazama upande mwingine.

Mimi na Kamau seremala tulipewa ploti siku moja, zinapakana, miaka ile ya sabini. Mimi karani wa reli, tai shingoni, yeye mtu wa randa na msumeno ambaye hakuvuka darasa la tatu, kwa hivyo nilijua (nilidhani najua) nani angetangulia kujenga. Mwaka wa tano mimi bado niko kwenye vyumba vyangu viwili vya mabati, na Kamau anabandika langoni notisi ya kanju, yaani halmashauri ya jiji: anaomba ruhusa ya kujenga ghorofa, chini karakana, juu nyumba, na jirani mwenye pingamizi aandike barua. Mke wangu Nanjala akaisoma, akasema kama mtu anayejisemea, "Huyu mwanaume anaona mbele."

Neno hilo nililala nalo. Nikachukua karatasi, ukurasa mmoja tu. Niliandika kwamba karakana italeta vumbi, kelele na uchafu mtaroni, nikaona hayo bado ni mepesi (kusema kweli Kamau alikuwa akifagia mbele ya lango lake na langu pia), nikatafuta kitu kizito, nikaongeza kwamba mama mkwe wangu anaishi nasi, kifua chake kimeharibika kwa vumbi la mbao, na anakohoa mpaka anajikojolea. Mama mkwe alikuwa Bungoma, mzima, analima. Nilidhani barua kama hiyo itasomwa na karani mwenzangu, aigonge muhuri, aifungie kwenye faili.

Kumbe kanju wakaita majirani wote ukumbini Jumamosi, na wiki hiyohiyo mama mkwe alikuwa amekuja kumwona mjukuu wake, Nekesa wetu. Nanjala, ambaye sikuwa nimemwambia habari ya barua, akaja naye ili aone mikutano ya mjini. Walikaa nyuma yangu.

Afisa wa afya, mama mpole mwenye miwani, akasema pingamizi limekuja moja tu, akalisoma lote, jina langu likiwemo, akitafsiri kwa Kiswahili ili kila mtu aelewe. Alipofika kwenye kujikojolea, watu waligeuka kunitazama. (Kwetu mama mkwe hata mkono humpi, unampisha njia, na mimi nimemvua nguo mbele ya mtaa.) Akauliza kama huyo mzee angeweza kutembelewa nyumbani apimwe. Nikajibu kwamba amesafiri.

Nikasikia benchi nyuma yangu likisogea. Mama mkwe alikuwa amesimama, na hakupaza sauti.

"Mama mkwe wake ni mimi. Nimefika juzi, na sikohoi. Ugonjwa uko, lakini si wangu."

Watu hawakucheka, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Walimtazama Kamau ili acheke yeye kwanza, naye akainamia viatu vyake. Afisa akaniuliza kama naiondoa barua. Nikasema naiondoa, kwa sauti ambayo sikuijua.

Kesho yake mama mkwe alirudi Bungoma, Nanjala akamsindikiza peke yake, na mwezi mzima aliniwekea chakula mezani bila neno. Kisha barua ya ruhusa ikaja, ya Kiingereza, na Kamau akaileta kwangu nimsomee. Nikasoma masharti yote, mtaro ufunikwe, taka za mbao zisichomwe uani, nikamweleza moja moja mpaka mwisho. Akasema, "Asante, Baba Nekesa," akaikunja, akaenda kuita fundi.

Siku hiyo niliapa kwamba jirani akibandika notisi nitaisoma na kupita, na kalamu yangu itakaa mfukoni. Sikuapa kuacha wivu, maana hapo ningekuwa nimedanganya mara ya pili. Kila jiwe lililopanda kwenye ile ghorofa nililihesabu kutoka dirishani, likaniuma, nikanyamaza.