Daftari Moja, Wagonjwa Wawili

Mimi nimesoma mpaka darasa la pili, na hilo la pili lenyewe sikulimaliza. Nyumba ninayokaa hapa Pongwe nimeijenga kwa mawe niliyoyapasua na chokaa niliyoichoma mwenyewe, kwa hiyo mtu asiniletee habari za vyeti. Aliyevaa koti jeupe simwamini mpaka nione mikono yake inafanya nini.

Zahanati yetu mgonjwa huenda na daftari, humo ndimo wanamoandika vipimo na dawa. Mke wangu ana presha, mimi nina sukari, na miaka yote tulikuwa na daftari moja. Ya kwake yaliandikwa kuanzia mbele. Ukiligeuza ukafungua kwa nyuma, unakuta yangu. Ndivyo tulivyofanya shuleni, hesabu mbele, kusoma nyuma, na mwalimu hakulalamika. Muuguzi wa zamani alituzoea, hata kuuliza hakuuliza.

Yule akahamishwa, akaletwa binti mpya.

Siku hiyo magoti ya mke wangu yaligoma, nikaenda peke yangu kuchukua dawa za wote wawili. Binti alinipa shikamoo yangu vizuri, lakini alikuwa akiandika huku anazungumza na mwenzake wa nyuma, na mtu wa namna hiyo namtilia shaka palepale. Nikampa daftari likiwa limekunjwa upande wangu, kama lilivyotoka mfukoni.

"Dawa za nani, mzee?"

"Za wawili. Mimi na mama watoto."

Akasoma, akahesabu vidonge, akanisukumia bahasha mbili dirishani. Nikachungulia. Vyangu huwa vyeupe, vya mke wangu vyekundu vilivyopauka. Safari hii vyote vyeupe.

"Vyekundu viko wapi?"

"Mzee, rangi hubadilika. Kila mzigo huja na yake. Si nimeandika kwenye bahasha? Hebu soma."

Nyuma yangu foleni, na nusu ya watu wale nimewahi kuwapa kibarua kwenye tanuri langu la chokaa. Nikaishika bahasha mbali kidogo na uso, nikaikunjia macho.

"Nimesoma," nikasema.

Njiani nilishahukumu. Nikapitia duka la dawa la pale barabarani, nikachungulia kabatini, na vidonge vyekundu vilivyopauka vikaniangalia. Nikasema moyoni, kumbe mali yetu ndiko inakolala. Nikafika nyumbani nimevimba.

"Wametuibia," nikamwambia mke wangu. "Nzuri wameuza, sisi wametupa hafifu."

"Wewe kwako kila mtu mwizi," akasema. "Juzi ulimshuku imamu kwa ajili ya mkeka, ukaja kuukuta uvunguni mwako."

Asubuhi akameza kabla ya kutia kitu tumboni, kama alivyozoea na dawa yake ya presha. Akakaa kwenye mbuzi akawa anakuna nazi. Mimi nilikuwa barazani. Nikasikia mbuzi imenyamaza. Niliporudi ndani nikamkuta jasho linamtiririka ilhali asubuhi ilikuwa bado ya baridi, mikono inatetemeka, nazi imedondoka. Nikamwita. Akanijibu maneno yasiyo na kichwa, kama mlevi, na mwanamke huyu hajaonja pombe tangu kuzaliwa.

Jasho lile nilikuwa nalijua. Liliniangusha mimi mwenyewe tanurini, siku niliyomeza dawa yangu ya sukari bila kula. Nilichota sukari kwenye kopo, nikaikoroga na maji kidogo, nikampaka kwenye ufizi kidogo kidogo, nikawa namwambia meza, meza. Nilimshika kidevu kama mtoto. Muda ule sikumfikiria mwizi yeyote. Nilikuwa naangalia koo lake tu, linashuka au halishuki.

Likashuka. Baadaye akanywa kikombe, akauliza nani kamwaga nazi yake.

Jirani akatuchukua kwa bajaji hadi zahanati. Nilikwenda na bahasha mkononi na maneno nimeyapanga. Mganga mkuu wa pale, mtu mzima mwenye mvi kama zangu, alimpima kwanza mke wangu, akamlaza wamwangalie mpaka jioni, kisha ndiyo akanigeukia.

"Huyu binti anauza dawa," nikasema, binti mwenyewe amesimama pale.

Mganga akasoma bahasha ya kwanza, akasoma ya pili. "Hapa pote imeandikwa dawa ya sukari," akasema. "Mkeo ana sukari?"

"Hana."

Akamtazama binti. "Ulimuuliza jina la mgonjwa wa pili? Ulimuuliza anaumwa nini?"

Binti akainamisha kichwa. "Sikuuliza. Daftari lilikuwa moja, nikajua wote wana sukari." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Lakini nilimwambia babu asome. Akasema amesoma."

Wote wakanitazama. Mke wangu pia, kutoka kitandani.

Ningeweza kusema macho yangu hayaoni vizuri. Wazee wengi husema hivyo. Nikasema, "Sijui kusoma maandishi ya haraka namna hiyo. Nilidanganya." Sijapata kupasua jiwe gumu kama lile.

Mganga hakunicheka. Alileta madaftari mawili, la mke wangu akalichora msalaba mwekundu kwenye jalada, langu akaliacha wazi. Binti akaambiwa kuanzia siku hiyo hatoi bahasha bila kutaja jina, ugonjwa na dawa kwa mdomo, na mgonjwa arudie. Sasa foleni hulalamika kwamba nachelewesha watu, maana narudia mara mbili. Nawaambia wasubiri.

Binti yule bado namwangalia mikono. Na yeye siku hizi ananiangalia macho.

Daftari lenye msalaba silishiki tena. Mke wangu hulilalia chini ya mto, na dawa hufuata mwenyewe, magoti yakatae yasikatae. Nikimpelekea maji ya kumezea, huiweka bahasha juu ya kiganja changu kwanza.

"Nisomee," husema. "Polepole. Hakuna foleni hapa."

Nami husoma, herufi moja moja, na yeye hamezi mpaka nimalize.