Mama alipoacha kunywa maji ndani ya stima ya Adeni

Wakuu wa baraza, salamu zenu nyote, wa Dunda, wa Kaole, na nyinyi wa Mlingotini mnaosomewa karatasi hizi na wana wenu.

Naifunga yangu hapa nguzoni kama wengine walivyofunga zao. Mwenye neno aandike chini yake. Niliyoyaandika nimeyaona kwa macho yangu, na pale nilipofanya upumbavu nimeandika upumbavu. Chumvi sina ya kuongeza, yote niliimaliza kwenye samaki wa safari.

Habari yenyewe ni ya stima.

Tangu nirudi Hija na mama, kila nikaapo naulizwa. Je, inatikisika? Je, watu wanakula nini? Nami najua mwaka huu wengi mnafunga mizigo, basi bora niseme mara moja.

Nianze na mepesi.

Stima si jahazi. Ndani ya jahazi nahodha ni mjomba wa mtu, na mabaharia ni watoto wa mtaa. Stima ni mji wa chuma unaotembea, na katika mji huo hakuna ajuaye baba yako alikuwa nani.

Sisi abiria wa sitaha tunapewa mahali pa kulala na maji, basi. Panda mapema pale Unguja. Tandika jamvi mbali na dohani ya moshi, maana masizi yake yanashuka usiku kucha na asubuhi kanzu nyeupe unaivaa nyeusi.

Waliotangulia walituambia kila mtu anawasha moto wake katika sanduku la mchanga. Hayo yamekwisha. Siku hizi nahodha Mzungu hataki kuona cheche sitahani. Liko jiko moja la chuma huko mbele, mnapika kwa zamu, na zamu yako ikipita imepita. Kwa hiyo chukua vitu visivyohitaji moto: mikate mikavu, tende, samaki ng'onda waliokaushwa, achari ya ndimu. Maji weka katika kiriba cha ngozi, kila mtu na chake. Mtungi utavunjika kabla hujaiona Lamu.

Mimi nilichukua vyote hivyo na zaidi. Jirani yetu sitahani, Mngazija mmoja mcheshi aitwaye Mshangama, aliniona nikipandisha mzigo wa sita akaniuliza, "Ewe wa Bagamoyo, unasafiri au unahama?"

"Nahama," nikamjibu. "Na jirani wa kwanza ni wewe, usione haya kuja kuomba ndimu."

Nilikuwa na furaha, wakuu. Mama alikuwa akiingoja safari hii tangu marehemu baba alipofariki. Aliingoja kimya, kama mtu anavyongoja mlangoni bila kubisha. Siku nilipomwambia tunakwenda, alikaa kitako pale pale uani, akaziangalia nyayo zake kama zilizotengenezwa upya.

Dada yangu Mwanahamisi aliomba aje nasi.

"Kaka, mama atataka mwanamke ubavuni."

"Mama anakwenda na mtoto aliyemzaa," nikamwambia. "Umtakie nani tena?"

Akaniangalia kitambo, akafumbua mdomo, akaufumba. Nikadhani nimeshinda.

Siku ya kwanza baharini ilikuwa njema. Siku ya pili mama alikula tende mbili. Nilipompa kikombe cha maji aligusisha midomo, akanirudishia.

"Nimetosheka, mwanangu."

Nikasema ni bahari. Mnajua, bahari yetu hapa inanuka mwani na matope ya mikoko, ukiivuta puani unajua uko kwenu. Ile ya nje hainuki kitu ila chuma na makaa, na maji yake ni ya buluu mno, buluu ya kutisha, kana kwamba hayakuumbwa yaonwe na mtu. Nilidhani moyo wake ndio unakataa. Nikamkamulia ndimu, nikampondea tangawizi. Akainusa, akaiweka chini kwa adabu, kama anayekataa chakula ugenini.

Siku ya tatu midomo ilipasuka. Sauti yake ya kuvuta tasbihi ikawa kama mkeka unaburutwa. Nilipokiinua kiriba chake ili nikijaze upya, kilikuwa kizito vile vile kama nilivyokijaza Unguja.

Nilikuwa jikoni nikingoja zamu, mwanamke mmoja akanivuta pembeni. Jina lake Bi Zaina. Alikuwa mtumwa zamani, bibi aliyemmiliki akamwacha huru, na sasa ni mpishi na mlezi wa watoto katika nyumba moja ya Kiarabu iliyokuwa ikihamia Adeni. Ilikuwa safari yake ya tatu kwa stima.

"Bwana mdogo, mama yako haumwi bahari."

"Anaumwa nini?"

Akaelekeza kidevu tezini. "Anaumwa pale."

Nikatazama. Kule nyuma kabisa palikuwa na vyoo viwili vya mbao vinavyoning'inia juu ya maji, vimezibwa kwa magunia yasiyopita kiunoni. Mbele yavyo wanaume wamejipanga na makopo yao mkononi, wanapiga soga. Kutoka jamvini petu hadi pale, mwanamke hana budi kupita mbele ya sitaha nzima, katikati ya magoti ya watu asiowajua.

"Hanywi ili asiende," akasema Bi Zaina.



Kuna mambo mtoto wa kiume hamwambii mama yake, na mama hamwambii mwanawe. Mimi ninayejidai fundi wa maneno, mimi niliyeandikia nusu ya mji huu barua za posa, sikuwa na hata neno moja la kupeleka jamvini.

Sasa sikieni upumbavu wangu.

Katika majahazi ya kwetu iko desturi. Mwanamke akitaka kwenda nyuma, nahodha husema, "Macho omoni!" Wanaume wote wanageukia mbele, mwanamke anapita, na hakuna aonaye haya kwa kuwa wote ni wa nyumbani. Nikasema moyoni, dawa ndiyo hii.

Kesho yake asubuhi nikamweleza Mshangama, naye akazunguka kuwaeleza wengine, maana anajua lugha za watu wengi. Wote wakakubali. Walikuwa watu wema, nawashukuru hadi leo. Nikapanda juu ya sanduku, nikapaza sauti:

"Macho omoni!"

Wanaume wote wa upande ule wakanipa migongo. Ukasikika mtambo tu ukinguruma chini ya mbao. Nikashuka, nikainama kwa mama.

"Mama, njia ni nyeupe."

Mama alinitazama. Nawaapia, hata nilipozama kisimani utotoni hakunitazama vile. Akauvuta ukaya usoni, akalala kuelekea ukuta wa chuma.

Ndipo akili iliponirudia. Jambo ambalo mwanamke wa kiungwana analificha hata kwa dada yake, mimi nimelipigia mbiu mbele ya wageni wa kutoka Barawa, Ngazija na Hadhramauti.

Na wale watu bado wamesimama, migongo kwetu. Hakuna aliyejua mwisho wake. Mshangama akauliza taratibu bila kugeuka, "Tugeuke, au bado?"

Kutoka chini ya ukaya mama akasema, "Ungenitupa baharini tu, mwanangu. Jidda ningefika mwenyewe."

Kufika adhuhuri aliniita kwa jina la baba. Akaniuliza kama nimewafungulia mbuzi. Nikamshika mkono, ngozi ilikuwa kavu kama karatasi hii. Kule baharini mtu akifa anakafiniwa, anaswaliwa, anashushwa majini, na stima haisimami. Nikajiona narudi Bagamoyo na jamvi limekunjwa.

Nikaenda kwa Bi Zaina. Safari hii sikusubiri aniite.

"Umemaliza ujanja wako?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Na mbiu umeshapiga."

"Nimeshapiga."

"Haya. Chukua ungo, kaa pale, chagua mchele. Utupe mgongo, na usitie neno."

Nikakaa. Nikachagua mchele ambao haukuwa na hata jiwe moja. Masikio lakini hayana mlango, nikasikia yote.

"Masalkheri, Bi Mkubwa. Nimekuja kuomba stara."

Nikasikia Bi Zaina anakaa jamvini.

"Nataka kwenda kule nyuma na siwezi. Mimi ni mtu wa kutumwa, wale wanaume hawanistahi. Nikipita wananichungulia. Nimesema, Bi Mkubwa akisimama pale na nguo yake, nani atathubutu kuinua jicho?"

 Kisha sauti ya mama, nyembamba, iliyopasuka, lakini ni yake:

"Wanakuchungulia?"

"Kila siku ya Mungu."

"Hawana mama zao?"

"Wanao. Wamewaacha kwao, na adabu wameiacha huko huko."

Nikasikia jamvi linalia. Mama alikuwa akijiinua.

"Nipe mkono."

"Kwanza funda moja la maji, Bi Mkubwa. Ukiniangukia njiani nitastirika na nani?"

Nikasikia kikombe. Nikasikia anameza. Wakuu, nimesikia kasida nyingi katika mji huu, nimesikia na wasomaji wa Unguja. Hakuna sauti iliyopata kuniingia kama lile funda.

Ilikuwa karibu na alasiri, saa ambayo wanaume wote wanakwenda omoni kutawadha. Bi Zaina aliichagua kwa makusudi. Hakumwambia mtu yeyote ageuke.

Akapita kwa wanawake wengine, na kumbe walikuwepo! Wanne wa Barawa, wamekaa nyuma ya masanduku na midomo iliyopasuka kama ya mama. Nao walikuwa hawanywi. Kila mmoja akashika ncha ya kanga, na ncha ya pili akashika mwenzake.

Niliiba jicho moja, Mungu anisamehe. Niliona nyumba ya nguo inatembea sitahani. Nyekundu, nyeusi, vidoa vyeupe kama kanga ndege, inapepea bila kufunguka. Aliyebaki nyuma angeona nguo tu. Nani amekwenda kwa haja yake na nani amekwenda kumlinda mwenziwe, hilo ni lao.

Mimi nilitaka kumficha mmoja kwa kumtangaza. Bi Zaina aliwaficha sita kwa kuwatoa wote.

Mama aliporudi alikaa, akatengeneza ukaya, akasema kana kwamba hakuna lililotokea:

"Maji."

Akanywa kikombe. Akanyoosha mkono, nikajaza tena. Kisha cha tatu. Mshangama aliona, akageuza uso akaitazama bahari. Nikampelekea ndimu zote zilizobaki.

Tangu siku hiyo walikwenda kila inapokaribia sala. Siku ya sita mama ndiye aliyetangulia mbele, na mwanaume akichelewa kujitenga na njia alimwambia, "Kusanya magoti yako, baba, hapa si barazani kwenu."

Tulipofika Adeni, Bi Zaina alishuka na mabwana zake. Amebeba mtoto kiunoni, furushi kichwani. Nikampitia mbele penye ngazi, watu wamejaa, na baadhi yao ni wa mji wetu huu, mtawasikia wenyewe wakisimulia.

Nikamwambia, "Shikamoo, Bi Zaina."

Mnajua shikamoo yetu ilivyo. Mtumwa humwambia bwana, hata bwana akiwa mdogo kwake. Aliyeachwa huru huendelea kuisema kwa mazoea. Kuirudisha upande wa pili si jambo lililozoeleka. Mtu mmoja akakohoa. Mwingine akaniita kwa jina, kama anayemzuia mtoto asitumbukie.

Bi Zaina hakunitazama mimi. Alimtazama mama.

Mama akasema, "Mwitikie mtoto, anangoja."

"Marahaba," akasema Bi Zaina, polepole, kama anayejaribu kiatu. Kisha akashuka. Sijamwona tena.

Tukapanda stima nyingine, tukafika Jidda, tukahiji. Mama yuko mzima, yuko uani, na hajui naandika haya. Au anajua na ananistiri.

Mafunzo yangu basi, kwa wanaojiandaa.

Ukipanda stima usitafute kwanza mahali penye upepo. Tafuta choo kiko wapi, uhesabu magoti yaliyo kati yako nacho. Wanawake wachukue kanga za akiba na waulizane majina siku ile ile ya kwanza. Na mgonjwa wako usimtazame chakula, kitazame kiriba chake. Kisipopungua, jua kuna jambo huambiwi.

Tena usimpeleke mama yako bila mwanamke. Nilimwendea Mwanahamisi nikamtaka radhi. Nikamuuliza, kwa nini siku ile hukuniambia wazi? Akacheka kwa uchungu. "Ningekuambiaje, kaka? Ungenipiga kofi kwa kukosa adabu." Na kweli, ningempiga.

Najua wapo wazee watakaosema haya si ya kuandikwa barazani. Wazee wangu, nawaheshimu. Lakini nimeulizwa habari za moshi, za mawimbi, za bei ya kuku Adeni, na hadi leo hakuna mwanamume hata mmoja aliyeniuliza wanawake walikwenda wapi. Nami kabla ya safari ile nisingeuliza.

Nimeacha nafasi kubwa hapa chini. Waliosafiri waseme walivyofanya, wanaonicheka nao waandike, nimeshazoea. Ila nakuombeni kitu kimoja. Kabla hujaandika lako, ifungue karatasi hii nguzoni, ipeleke ndani, uwasomee kina mama hadi mwisho. Kisha andika watakayokuambia wao, nawe ukae kimya kidogo.